Mama Aliyezikwa Gazetini

Werugha,
11 Machi 1957

Mwanangu Zephaniah,

Nakuamkia nikiwa mzima, na neno hilo la mzima ulishike vizuri maana nitalirudia huko mbele. Kile kikohozi ulichoenda nacho Januari kimeisha? Unakunywa maji ya moto? Huku mvua imeanza kuja na ukungu haujatoka tangu Jumatano, nguo hazikauki, nimezitundika juu ya moto zote zinanuka moshi. Ng'ombe amezaa. Ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji kama amepakwa unga. Kabichi zimeshika vizuri. Stephen wa marehemu mama yako mdogo, tangu ahamie huku kutoka Kishushe, alikuja akanisaidia kurudishia ukuta wa shamba la chini ulioanguka, na sasa anakuja kila asubuhi kuchukua maziwa. Baba yako amerudi kazini leo alfajiri, reli imempeleka tena njia ya Taveta na wenzake kutengeneza mataruma.

Haya. Sasa nikuulize, mwanangu, na usikasirike. Mimi nilikufa lini?

Jumamosi nilikuwa natoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji. Nikasikia kilio njiani kule chini lori linapogeuzia. Watu wanapanda, wengi, na mbele yao ni Namalwa, mke wa Nyongesa anayefanya kazi na baba yako stesheni ya Voi. Unawajua wale watu wa kwao, wakilia wanalia kweli, si sisi wa kulia ndani ya leso. Mikono kichwani, anakuja mbio, viatu kaacha sijui wapi. Nikatupa mzigo. Sikuuliza kitu. Mtu akikujia analia utamuuliza nini, unalia kwanza. Tulishikana pale njiani tukalia, nikafikiri ni mtoto wake, yule mdogo wa kifua. Nililia mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka kwenye matope. Mwisho nikamuuliza polepole, "Namalwa dada yangu, tumefiwa na nani?"

Naye macho kayafumba akaniambia, "Na Mama Zephaniah."

Nakwambia niliendelea kulia kidogo kabla neno hilo halijaniingia.

Halafu Namalwa akafungua macho. Aliniachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Akarudi nyuma mpaka akakaa kwenye majani yangu ya ng'ombe. Nyongesa alikuwa na nusu gunia ya unga na sukari, akavua kofia, akaivaa, akaivua tena. Hakuna aliyetaka kunishika mkono wa kwanza. Ndipo akatoa gazeti kotini, lile lako, Mleta Habari, picha yako juu na jina lako chini, na maneno makubwa, Siku Niliyomzika Mama. Wiki mbili zilizopita, limesema. Nyongesa akasema walihesabu wakaona baba yako, Mzee Josephat, alikuwa ameshaenda Taveta, basi maskini hajui, wakasema watangulie wao kulia ili asije akakuta nyumba kimya.

Alinisomea yote nikiwa nimesimama uwanjani kwangu. Umeandika vizuri, siwezi kusema uongo. Umenibeba mgongoni kutoka Kishushe nikiwa na homa, hakuna gari, jua linawaka, mpaka nikafia njiani kwenye mpando. Watu walilia tena na mimi niko pale pale wananiona. Hata mimi nililia uliponivusha lile korongo.

Unga walikataa kurudi nao. Tulipika, tukala chakula cha msiba wangu, na mimi nikala.

Baba yako alipewa pole na karani wa stesheni ya Maktau. Akapanda treni ya mizigo. Alifika Jumapili watu wako kanisani, akanikuta nakamua. Alikaa kizingitini, nikampa chai, na mkono mwingine kanishika hapa kwenye kiwiko kama mtu anayesikiliza saa inatembea. Akasema tu chai ina chumvi. Haikuwa na chumvi, mwanangu.

Niambie ukweli. Kuna mtu amekulazimisha? Unaumwa kichwa? Uliota? Kama uliota ungeniandikia mimi kwanza kabla ya kuwaandikia watu wa Mombasa. Mimi sina hasira, nina wasiwasi tu.

Mimi mama yako ninayepumua,
Loise


Mombasa,
2 Aprili 1957

Kwa Mama mpendwa,

Barua yako ilifika na ilinifurahisha kusikia habari za ndama na mvua. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Joto la huku ni kali mwezi huu. Nimehamia chumba kingine chenye dirisha. Msalimie sana Baba, na umwambie apumzishe ule mguu unaomuuma.

Kuhusu lile jambo la gazeti, nasikitika kama liliwasumbua watu wa Voi. Ningependa uelewe, Mama, jinsi kazi yetu inavyokwenda. Mwaka mzima nimeandika juu ya barabara za Kishushe na ukosefu wa gari la wagonjwa. Niliandika mara nne. Bwana Mhariri aliziweka ukurasa wa ndani kabisa na hakuna aliyesoma. Alinifundisha kwamba msomaji hamwamini mtu anayesema "watu wanateseka", anamwamini anayesema "mimi niliteseka". Basi niliandika kwa njia hiyo. Tangu siku ile barua za wasomaji zinaletwa kwa kikapu. Wiki iliyopita Bwana Mhariri aliniita mbele ya wenzangu wote akanipa mkono, na nimeahidiwa meza yangu mwenyewe.

Isitoshe, ukitazama vizuri, sikusema uongo. Niliandika "mama". Kwetu dada ya mama ni mama, ndivyo mlivyotufundisha, tulikuwa tukipigwa tukisema shangazi au tukimwita kwa jina. Mama Margaret alikuwa mama yangu na kweli alifariki njiani akitoka Kishushe. Kama watu wa Voi walielewa vingine, hilo ni jambo la wasomaji.

Natumaini kabichi zinaendelea kushika.

Mimi mwanao mtiifu,
Zephaniah


Werugha,
14 Aprili 1957

Zephaniah wangu,

Salamu ni zile zile, sisi wazima, ndama anakunywa vizuri. Baba yako amepumzisha mguu siku moja akachoka kupumzika. Mchungaji alihubiri juu ya Lazaro na watu wote wakageuka kunitazama. Namalwa aliniletea kuku kutoka Voi, anasema ni wa kunikaribisha nyumbani.

Nimesoma barua yako mara nyingi kwa sababu maandiko yako ni madogo na mimi shule yangu ni ile ya jioni ya misheni, unajua. Neno la mama nimelielewa. Na nakuachia, mwanangu, ni haki yako. Margaret alikuwa mama yako, alikunyonyesha mwezi ule mimi nilipougua ziwa, huyo ni mama hata mahakamani. Siwezi kukubishia hapo.

Lakini hukuandika mama peke yake. Uliandika nilimbeba.

Sasa na mimi nikuulize kama Bwana Mhariri. Margaret alipobebwa wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa hapo Mombasa. Tulipeleka habari, tukakungoja siku mbili na maiti ndani, ukasema kazi ni mpya hawakupi ruhusa. Mimi sikukulaumu wakati ule na sikulaumu leo. Aliyembeba ni Stephen, mtoto wake mmoja tu, na alikuwa peke yake kwa sababu wanaume wote wa pale walikuwa wameenda na ng'ombe kutafuta maji. Na lile neno uliloliweka mwisho kabisa, pale mama anasema, "Nitue, upumzike", ndipo anakata roho, lile neno lilisemwa kweli. Stephen aliniambia mimi siku ya maziko, tena amenigeuzia mgongo. Wewe alikuambia Krismasi mlipolala chumba kimoja, nilisikia mnaongea mpaka usingizi ukanichukua. Hajamwambia mtu mwingine. Hata mkewe hajamwambia.

Sasa Voi nzima wanalijua, na wanajua lilisemwa kwako.

Nyongesa alimsomea Stephen. Si kwa ubaya, alifikiri anamfurahisha, ndugu yako ametoka gazetini. Stephen alisikiliza mpaka mwisho akasema ni vizuri. Akauliza kama anaweza kulishika hilo gazeti. Akalitazama kwa muda, akalikunja, akarudisha. Tangu siku ile haji kuchukua maziwa. Nimempelekea mwenyewe, akasema, "Asante, mama mkubwa, tumeshiba", na watoto wake wako nyuma yake wanaitazama ile chupa.

Nikamuuliza kama ana neno na wewe. Akasema hana neno. Hapo ndipo hofu ilinishika, mwanangu. Mtu akisema ana neno, linasemwa linaisha. Unajua wazee wetu walivyoogopa hasira ya moyoni ya ndugu, ile mwenyewe anakana kuwa nayo. Inatoka peke yake usiku inamtafuta aliyekosa, inamkuta hata kama amevuka maji. Ndiyo maana walikuwa na kutasa, mwenye hasira anatia maji kinywani anayapuliza chini, anasema kama kuna kitu ndani yangu kitoke, fulani awe na afya. Mchungaji hapendi nikitaja mambo hayo, lakini Mchungaji hakuzaliwa Werugha. Stephen hawezi kutasa kitu anachosema hana. Na wewe ukikohoa huko mimi huku nakaa kitako.

Mwandikie. Si lazima maneno mengi. Mwambie lile neno nilimbeba unamrudishia mwenyewe. Mama nakuachia.

Kula mboga za majani.

Loise, mama yako


Mombasa,
20 Mei 1957

Kwa Mama mpendwa,

Unisamehe kwa kuchelewa, kazi zimekuwa nyingi. Natumaini mko salama wote na kwamba mvua haikuharibu viazi. Nimewatumieni pamoja na barua hii kifurushi, ndani yake kuna leso yako doti moja nzuri na tumbaku ya Baba. Mimi ni mzima kabisa, usiwe na hofu na mambo ya kikohozi.

Nina habari njema. Bwana Mhariri anataka hadithi ile iendelee. Ananituma nyumbani mwezi ujao, tarehe kumi na tano, pamoja na mpiga picha wetu Bwana Thadeus, ili niandike jinsi ninavyorudi kwenye kaburi la Mama na kuipita tena ile njia. Itachukua ukurasa mzima na picha. Inasemekana wakubwa wa serikali wameanza kuulizana juu ya gari la Kishushe. Kwa hiyo utaona kwamba jambo hili lina faida kwa watu wengi.

Kuna ombi dogo tu, Mama. Bwana Thadeus ni mtu mwema lakini hajui mila zetu, na itakuwa vigumu kumweleza. Atapenda kupiga picha nyumbani. Kama hutaona vibaya, siku hiyo nikikutambulisha kwake kuwa wewe ni mama yangu mdogo, dada ya marehemu, itakuwa rahisi kwa wote. Na si uongo, kwani kweli wewe ni dada ya marehemu. Na Baba asije akasema mengi.

Leso nimechagua ile ya rangi unayopenda.

Mwanao,
Zephaniah


Werugha,
29 Mei 1957

Zephaniah,

Sisi wazima. Viazi havikuharibika. Leso nimeipokea, ni nzuri, nimeiweka sandukuni. Baba yako anashukuru kwa tumbaku.

Mimi nilizaliwa kabla ya Margaret. Hata kwenye uongo umenifanya mdogo.

Njoo na mgeni wako. Atakayewapokea stesheni yupo.

Loise


Mombasa,
9 Julai 1957

Mama,

Sijui nianzie wapi salamu. Hamjambo wote. Najua unajua nilifika Voi na sikupanda mpaka kwako, na najua uliniwekea chakula, Baba aliniambia stesheni. Nakuandikia kukuambia yaliyotokea, kwa sababu nadhani Stephen hatakuambia.

Treni ilipoingia niliwatafuta watu wa kutupokea. Nilimwona Baba kwa mbali na kando yake Stephen, amevaa lile koti lake la kanisani. Nilifikiri atanipiga mbele za watu na nikaona afadhali. Alinisalimia kama zamani, akauliza kikohozi, akabeba sanduku la kamera la Thadeus, zito kama jiwe, akalipandisha kwenye lori la yule Mwandawiro anayeleta chumvi ya ng'ombe Kishushe. Njia nzima Thadeus alikuwa akimuuliza mambo na Stephen akimjibu vizuri, majina ya milima, ng'ombe ni wa nani. Thadeus akamuuliza, "Na wewe ulimjua mama yake Zephaniah?" Stephen akasema, "Namjua sana, ananipa maziwa." Thadeus alicheka, alifikiri ni utani.

Kaburini Thadeus akaniambia nipige magoti. Nilipiga. Msalaba una jina la Mama Margaret na chini yake mtu amechonga kwa kisu, Mama wa Stephen. Thadeus alikuwa ameinamia kamera. Sijui kama alisoma wakati ule. Stephen alisimama nyuma yangu akaniambia kwa lugha yetu ya Kidawida, polepole, "Sema wewe. Mimi sisemi." Sikusema, Mama.

Kisha Thadeus akataka ile njia. Tuliacha lori tukaenda kwa miguu mpaka unapoanza mpando wa mawe, baada ya lile korongo. Korongo lilikuwa kavu. Mimi niliandika lina maji.

Pale chini ya mpando Stephen akaweka sanduku chini. Akavua koti akalikunja juu ya jiwe. Akasema, sasa kwa Kiswahili na Thadeus anasikia, "Ndugu yangu, umeandika ulimbeba hapa. Nibebe mimi. Mpaka kwenye ule mwamba mweusi tu, si mbali." Alikuwa anatabasamu. Thadeus akasema hiyo itakuwa picha nzuri sana.

Niliinama akapanda mgongoni. Mama, Stephen si mtu mnene. Nilipanda hatua chache nikihesabu mwamba uko wapi, halafu nikaacha kuhesabu nikawa natazama vidole vya miguu yangu. Shingo iliwaka. Nilisikia anapumua sikioni kwangu. Kabla ya nusu ya njia magoti yakaanza kutetemeka na nikaenda upande upande, mkono mmoja nimeshika majani. Hapo akainama karibu na sikio akasema.

Akasema, "Nitue, upumzike."

Nilianguka naye. Sikuweza kuinuka mara moja na sikuwa nimechoka kiasi hicho. Yeye alikaa karibu yangu akinipangusa mavumbi, kama unavyompangusa mtoto. Nilipoinua uso, Thadeus alikuwa amesimama na kamera imeshuka kifuani. Akaniuliza, "Zephaniah, huyu aliyezikwa kule ni mama wa nani?"

Nikamwambia.

Tulirudi Voi na lile lori. Nilishindwa kupanda kwako, Mama. Si kwamba sikutaka chakula.

Mombasa nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Mhariri kabla Thadeus hajasafisha picha zake. Nilidhani atanifukuza. Alifunga mlango, akakaa, akasema alikuwa akishuku tangu wiki ya kwanza, kwa sababu niliandika vizuri mno. Kilichomkasirisha si uongo, ni kwamba sasa Thadeus anajua na Thadeus ana mdomo. Wakubwa wa gazeti hawataki aibu. Basi nimenyang'anywa meza, nimeondolewa kwenye habari. Kuanzia wiki hii naandika bei za sokoni. Vitunguu, nazi, kuku. Jina langu linawekwa chini kwa herufi ndogo. Wenzangu wananiita Bwana Kabichi.

Masahihisho yatatolewa Jumamosi. Nimewaomba yawe na jina la Stephen.

Mwanao,
Zephaniah


Werugha,
7 Septemba 1957

Mwanangu mpenzi Zephaniah, Bwana Kabichi,

Nakusalimu sana, tena sana. Umekaaje? Umekonda? Sisi huku tunashukuru, baridi kali lakini jua linatokea saa sita linatusalimia. Ndama wa doa ameachishwa. Baba yako wamempa kazi ya kukaa, anashika bendera na taa pale stesheni, mguu wake umefurahi. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nikianza kuandika kuna mtu anakuja kunisomea gazeti.

Masahihisho tumeyaona. Nyongesa aliyatafuta karibu ayakose. Mlinizika ukurasa mzima na picha, mkanifufua chini ya tangazo la sabuni. Lakini jina la Stephen lipo, kwamba ndiye aliyembeba mama yake Margaret, na jina langu lipo, kwamba mimi ni hai. Namalwa amelikata kwa makasi amelibandika ukutani kwake. Anasema siku nikifa kweli hatatoa chozi mpaka anishike mwenyewe, machozi yake ya kwanza nilikula nikamaliza.

Gari la Kishushe bado. Walikuja watu wawili wakapima barabara wakaondoka. Wengine hapa wanasema wewe umeliharibu kwa kusema kweli, ungenyamaza tu lingekuja. Sijui. Nimeliwaza sana nikikamua. Lakini Stephen ameombwa na wazee wa kule aende Wundanyi akaseme mwenyewe mbele ya wakubwa, maana sasa inajulikana ni yeye. Amesema ataenda, ananiuliza kama lile koti linafaa.

Sasa neno langu kubwa. Wiki ile barua yako ilipofika Stephen alikuja asubuhi na chupa yake ya maziwa. Nikamjazia. Akaenda mpaka kwenye ndizi akarudi. Akaniambia, "Mama mkubwa, nilikudanganya. Nilikuwa nalo." Nikasema najua. Akasema alipokuwa mgongoni kwako alitaka uanguke vibaya uvunjike jino. Halafu ulipoanza kutetemeka akausikia mgongo wako akaukumbuka wake, na lile neno likamtoka lenyewe, hakulipanga.

Nikampa maji kwenye kibuyu. Alitazama kwanza kama Mchungaji hapiti. Akatia kinywani akayapuliza chini, mara mbili, akasema, "Kama kuna kitu kilichobaki ndani yangu kitoke, na Zephaniah awe na afya, na mkono wake uandike." Na mimi nikachukua kidogo nikapuliza, nikasema yangu, ambayo sitakuambia. Kisha tukala viazi. Usiku ule nililala vizuri, na wewe nadhani ulilala.

Lile la meza usihuzunike. Ngoja nikuambie kitu usichokijua. Zamani gazeti lako likija Voi linasomwa na Nyongesa na mabwana wachache. Siku hizi Jumamosi lori likipanda, watu wa Werugha wote wamekaa pale linapogeuzia, wake kwa waume, wanauliza Zephaniah amesema nini. Kwa sababu wale wanunuzi wa mboga walikuwa wanatuambia soko la Mombasa limekufa, kabichi hazitakiwi, na sisi tunawapa kwa huruma. Sasa tunawafungulia gazeti. Mmoja alisema hizo ni hadithi za gazeti tu, huyo kijana si ndiye alimzika mama yake mzima? Mimi nilikuwepo. Nikamwambia ndiyo, na mama mwenyewe ni mimi, na kabichi unazotazama ni zangu. Alinunua.

Lakini amenitia wasiwasi. Wiki iliyopita umeandika karoti za Taita zimepanda bei, zinagombaniwa asubuhi kabla jua halijatoka. Watu hapa wamezing'oa zote kwa neno lako, hata zile bado ndogo, na lori linashuka Alhamisi. Kwa hiyo nakuuliza, mwanangu, na unijibu kabla ya Alhamisi. Hizo karoti uliambiwa, au?

Leso nimeitoa sandukuni. Nilivaa Jumapili.

Mama yako, wa kwanza kuzaliwa,
Loise


Mombasa,
Jumanne, 10 Septemba 1957

Mama,

Sina nafasi ya salamu, nataka barua hii iwahi treni ya jioni, Baba ataipokea mwenyewe stesheni.

Nilikuwepo. Tangu alfajiri, nimesimama kwenye matope kati ya wachuuzi wa kike wawili, mmoja alinikanyaga. Nilishika karoti kwa mkono wangu. Zinagombaniwa kweli.

Leteni.

Nimeomba ruhusa ya Krismasi na safari hii wamenipa. Mwambie Stephen nitalala chumba kile kile, na aje na maneno mengine, nitayasikiliza tu.

Zephaniah